Msumeno wa Duara wa Betri kwa Kazi za Nyumbani: Uliokarabatiwa Kiwandani, Mtumba au Mpya wa Bei Nafuu?

Mtu anayetaka kujitengenezea rafu, kabati la jikoni, banda la kuku au meza ya nje hufika mahali ambapo msumeno wa mkono haumtoshi tena, na kumwita fundi kila anapohitaji kukata mbao mbili hakumlipi. Msumeno wa duara wa betri humvutia kwa kuwa haudai waya mrefu na haulali umeme unapokatika. Ugumu huanza anapouliza bei. Mashine mpya ya Makita, DeWalt, Bosch au Milwaukee, ikiwa na betri mbili na chaja, hugharimu kiasi ambacho mtu wa kazi za Jumamosi hawezi kukilipa bila kusitasita. Hapo hubaki na njia tatu: kuagiza mashine ya chapa kubwa iliyokarabatiwa kiwandani, kununua mtumba wa chapa hiyohiyo mjini, au kununua mashine mpya kabisa ya chapa ya bei nafuu kama Ingco au Total.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa kumfikiria zaidi msomaji wa Tanzania au Kenya, ingawa Mswahili anayeishi Uingereza au Marekani na anayetaka kumpelekea ndugu yake kifaa atakuta mengi yanayomhusu.

Kwanza ieleweke mashine iliyokarabatiwa kiwandani ni ipi. Ni mashine iliyorudishwa na mteja, iliyokaa dukani kama sampuli, au iliyoharibika boksi tu, kisha mtengenezaji au karakana aliyoiidhinisha akaifungua, akabadilisha kilichochakaa, akaijaribu na kuiuza tena ikiwa na alama inayosema hivyo pamoja na dhamana ya maandishi. Mashine iliyopanguswa vumbi na kupakwa rangi na muuzaji wa mtaani haimo katika kundi hili, hata muuzaji akiapa kwamba imekarabatiwa. Hiyo ni mtumba, na ihesabiwe kama mtumba.

Vigezo vinavyotumika

Njia zote tatu zitapimwa kwa mambo matano: betri na chaja, uwezo wa kukata mbao za kwetu, hali ya mashine na namna ya kuikagua, dhamana na vipuri, na gharama ya mwisho. Betri imewekwa mwanzo kwa makusudi. Mnunuzi mara nyingi huchagua msumeno kwa kuutazama msumeno, ilhali anachokichagua kwa kweli ni ukoo wa betri atakaoishi nao kwa miaka kadhaa, kwa sababu betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, na bei ya betri mbili nzuri pamoja na chaja mara nyingi hulingana na bei ya msumeno wenyewe au huizidi.

Betri na chaja

Mashine zilizokarabatiwa kiwandani huuzwa kwa namna mbili: zikiwa kamili, au zikiwa tupu, yaani bila betri wala chaja. Mashine tupu ndizo nyingi, na ndizo zenye bei ya kushawishi. Kabla ya kuagiza, lazima mnunuzi ajue betri ataipata wapi. Habari njema ni kwamba kila ukoo mkubwa una betri za aina moja katika mabara yote: betri ya Makita LXT ya volti 18 ni ileile kila mahali, Milwaukee M18 vilevile, na ile DeWalt inayoandikwa volti 20 nchini Marekani ndiyo inayoandikwa volti 18 XR huko Ulaya. Tofauti ya namba isimtishe mtu. Ndani mna seli tano zilizopangwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 3.6 za kawaida na takriban volti 4 ikiwa imejaa, hivyo kampuni moja huhesabu 18 na nyingine 20 kwa kitu kilekile. Kinachopaswa kumtisha ni mashine za DeWalt za zamani za volti 18, zenye betri iliyochomoza kama kigingi. Hizo ni ukoo mwingine kabisa, na betri za leo haziingii bila kifaa cha kuunganishia.

Chaja ndiyo mtego mkubwa wa bidhaa za nje. Chaja ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120 na ya Japani kwa volti 100, na zote mbili zikichomekwa kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, yenye volti 230 au 240, huungua, mara nyingi papo hapo. Transfoma ya kushusha umeme inaweza kusaidia iwapo uwezo wake unazidi wati zilizoandikwa kwenye chaja, lakini ni mzigo na ni gharama nyingine. Ni nafuu zaidi kuagiza mashine tupu na kununua chaja ya ukoo huo hapahapa. Bidhaa za Uingereza hazina tatizo hilo kwa kawaida, maana umeme wao na plagi zao za miguu mitatu ya bapa ni kama zetu. Hata hivyo, kwenye maeneo ya ujenzi ya Uingereza hutumika pia vifaa vya volti 110 vyenye plagi ya manjano ya duara, zikiwamo chaja, na baadhi yake huishia kwenye makontena ya mitumba. Ukiona plagi ya manjano, au mahali ilipokatwa na kuwekwa nyingine, soma kwanza bamba la chaja.

Kwenye mtumba, betri ni bahati nasibu. Seli za lithiamu huchakaa kwa matumizi, na huchakaa pia zikiwa zimekaa tu, hasa kwenye joto, na hakuna rangi inayoweza kuficha umri huo mbele ya mbao nene. Taa nne za kuonyesha chaji hazipimi afya ya betri. Zinapima volti ya wakati ule tu, kwa hiyo betri iliyokwisha kabisa huweza kuwasha taa zote nne ikiwa imetoka kwenye chaja. Kipimo cha kweli ni kazi: kata mbao ya inchi mbili mara kadhaa mfululizo, na ukiona taa zimeshuka kutoka nne hadi moja na mashine imezima, hiyo betri ihesabu kuwa haipo unapojadili bei. Kuna na betri bandia, hasa zenye nembo ya Makita, ambazo mizani hufichua nyingi kati yake. Betri halisi ya volti 18 na Ah 5.0 (Ah, yaani ampea-saa, ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) hubeba seli kumi, ambazo peke yake zinakaribia nusu kilo, hivyo betri nzima huzidi nusu kilo waziwazi. Inayodai Ah 5.0 lakini ni nyepesi ina seli pungufu au hafifu.

Mashine mpya ya bei nafuu hushinda kirahisi hapa kwa mtu asiye na betri yoyote. Betri ni mpya, chaja ni ya umeme wa kwetu, na betri ya ziada inapatikana dukani, hata nje ya majiji. Kasoro yake ni kwamba boksi nyingi za bei ya chini huja na betri ndogo ya Ah 2.0, ambayo inatosha kwa kuchimba matundu lakini kwa msumeno wa duara ni ndogo mno. Msumeno huu ni miongoni mwa mashine zinazokula betri kuliko zote, na seli chache zinapolazimishwa kutoa mkondo mkubwa hupata moto na kuchoka upesi. Afadhali Ah 4.0 na kuendelea, kwa njia yoyote kati ya hizi tatu.

Uwezo wa kukata mbao za kwetu

Misumeno mingi ya betri ina diski ya milimita 165. Makita DSS611, ambayo ni ya kawaida sana kwenye soko la zilizotumika, hukata kina cha milimita 57 ikisimama wima na milimita 40 ikilazwa nyuzi 45. Namba hizo zinahitaji kusomwa kwa jicho la hapa. Mbao inayoitwa mbili kwa nne nchini Marekani imepigwa randa na kubaki na unene wa milimita 38, hivyo msumeno huo unaipita hata ukiwa umelazwa. Mbili kwa nne ya kwetu huuzwa ikiwa imepasuliwa tu bila randa, na unene wake unakaribia milimita 50. Kwa wima itakatika; ukiulaza msumeno nyuzi 45, haitakatika kwa mpito mmoja. Isichanganywe na kukata kwa mshazari juu ya uso wa mbao, kama kwenye kenchi, kwa sababu hapo msumeno hubaki wima na kina chake hakipungui.

Jambo hili haliipendelei njia yoyote, lakini linabadilisha namna ya kununua. Anayeagiza iliyokarabatiwa kwa kusoma maelezo ya Mmarekani aliyeridhika anapaswa kukumbuka kwamba mbao zao si zetu. Misumeno midogo ya diski ya milimita 136 au 140, ambayo ni mingi kwenye mitumba na kwenye chapa nafuu kwa sababu ni myepesi, inafaa plaiwudi na mbao za inchi moja, ila kwenye mbili kwa nne ya kwetu iko ukingoni. Za milimita 184 au 190 hufika takriban milimita 65 na zaidi kidogo kwa wima, lakini ni nzito na betri yake lazima iwe kubwa.

Kisha kuna unyevu. Paini za Sao Hill nchini Tanzania na saiprasi za Kenya mara nyingi hufika sokoni zikiwa mbichi, na mbao mbichi hubana diski, huilemea mota na kumaliza chaji kabla ya wakati. Kwa mninga au mvule, ugumu wenyewe unatosha kuleta hali hiyo, hasa kwa kupasua kufuata urefu wa ubao. Mota zisizo na kaboni, yaani vile vipande vinavyosugua ndani ya mota kupitisha umeme, huvumilia mzigo huu vizuri zaidi kwa chaji ileile, na kwa kigezo hiki mashine ya chapa kubwa iliyokarabatiwa, ikiwa na mota ya namna hiyo, huiacha mbali mashine nafuu yenye mota ya kaboni. Chapa nafuu nazo zina matoleo yasiyo na kaboni, na tofauti ya bei kati ya matoleo hayo mawili inastahili kulipwa na anayekata mbao ngumu.

Tundu la diski nalo litazamwe. Misumeno ya Marekani hutumia shafti ya inchi tano kwa nane, yaani milimita 15.88, wakati mingi ya milimita 165 ya Ulaya hutumia milimita 20. Diski ya tundu la milimita 20 inaweza kuwekwa kwenye shafti ya Marekani kwa pete ya kupunguzia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kinyume chake hakiwezekani, na kulichonga tundu kwa tupa ni kuharibu mizani ya kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Chapa nafuu hukuepusha na mashaka haya, mradi duka linalouza mashine liwe na diski zake pia.

Hali ya mashine na ukaguzi

Iliyokarabatiwa kiwandani hukaguliwa na mtu mwingine kabla hujaiona, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Mpya haihitaji zaidi ya kuwashwa dukani na kutazamwa kama sahani ya chini imenyooka, jambo ambalo kwa chapa nafuu lisipuuzwe, kwa sababu sahani za bati jembamba hupinda kirahisi.

Mtumba ndio unaodai muda. Anza na kinga ya chini, ile inayofunika meno ya diski: betri ikiwa imetolewa, irudishe kwa mkono kisha iachie, lazima ijifunge yenyewe kwa kasi bila kukwama. Ikichelewa, au ikiwa mtu ameifunga kwa waya ibaki wazi, acha mashine hiyo hata bei ikiwa ya bure. Shika diski na uisukume upande kwa upande. Ikicheza, beringi zimekwisha. Weka kipimapembe kati ya diski na sahani kuhakikisha nyuzi 90, kwani mashine iliyowahi kuanguka kutoka kwenye paa hupinda hapo. Washa na usikilize: mlio wa kukwaruza ni beringi, cheche nyingi zinazoonekana kwenye matundu ya hewa ni kaboni au mota. Achia swichi na utazame diski. Mashine zenye breki ya umeme huisimamisha mara moja, na ikiendelea kuzunguka taratibu wakati toleo hilo linajulikana kuwa na breki, breki imekufa. Muuzaji anayekataza majaribio haya amekwisha kujibu swali lako.

Niongeze jambo la pembeni kidogo. Mafundi wengi hukata mbao kwa grainda iliyofungwa diski ya meno, na wapo watakaokushauri ununue hiyo badala ya msumeno. Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, kasi inayozidi ile ambayo diski nyingi za mbao zimetengenezewa, na haina kinga inayojifunga. Msumeno wa duara ulio dhaifu kuliko yote katika makala haya bado ni salama kuliko hiyo.

Dhamana na vipuri

Dhamana ya mashine iliyokarabatiwa huwa ipo, lakini kwa kawaida ni fupi kuliko ya mpya na hutumika katika nchi ilikouzwa. Kwa aliye Dar es Salaam, dhamana ya Marekani ni karatasi tu, kwa sababu nauli ya kuirudisha mashine itameza faida yote. Anayeishi huko ana dhamana ya kweli. Mtumba hauna dhamana zaidi ya neno la muuzaji, ingawa muuzaji mwenye meza ya kudumu anaweza kukubali kubadilisha ndani ya siku chache, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti. Mpya ya bei nafuu ina dhamana ya dukani unayoweza kuifuata kwa miguu.

Kwa vipuri hali inageuka. Kaboni, swichi na beringi za Makita zinajulikana na mafundi wengi wa mashine, na michoro ya sehemu zake inapatikana kwa namba ya toleo, kwa hiyo mashine ya chapa kubwa, iliyokarabatiwa au mtumba, inaweza kufufuliwa zaidi ya mara moja. Chapa nafuu ikiungua mota baada ya dhamana kwisha, mara nyingi fundi atakushauri ununue nyingine.

Gharama ya mwisho

Bei ya kwenye tangazo isilinganishwe na bei ya dukani. Kwa iliyokarabatiwa, ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, na ambayo hukokotolewa juu ya thamani pamoja na nauli na ushuru wenyewe. Kisha ongeza betri na chaja. Mara nyingi hesabu hiyo huifikisha karibu na mpya, na huwa na maana pale tu ndugu anapoileta kwenye mizigo yake. Msafiri huyo ajue kwamba betri za lithiamu zisizofungwa kwenye kifaa husafiri kwenye begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimezibwa, na kwamba kiwango kisichohitaji ruhusa ya shirika la ndege ni wati-saa 100. Betri ya volti 18 na Ah 5.0 ni wati-saa 90, inapita. Ya Ah 6.0 ni 108, na inahitaji kuombewa ruhusa. Msumeno wenyewe hukaa kwenye begi la chini ya ndege.

Kwa mtumba, ongeza bei ya betri moja mpya hata kama iliyopo inaonekana kufaa, na diski mpya. Kwa mpya ya bei nafuu, ongeza diski nzuri, kwa kuwa ile inayokuja ndani ya boksi kwa kawaida ni ya kuanzia tu: meno 24 kwa mbao za kawaida, na 40 au zaidi kwa plaiwudi isipasuke ukingoni.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa tayari una drili ya Makita, DeWalt au Milwaukee yenye betri za Ah 4.0 au zaidi, mashine tupu ya ukoo huohuo ndiyo inayoeleweka. Kama kuna ndugu anayekuja, mwagize iliyokarabatiwa kiwandani yenye mota isiyo na kaboni. Kama hayupo, tafuta mtumba, ambao sasa hauna hatari yake kubwa kwa sababu betri unayo na utaijaribu nayo.

Ikiwa huna betri yoyote na kazi zako ni rafu, plaiwudi na kurekebisha milango mara chache kwa mwaka, mpya ya bei nafuu yenye diski ya milimita 165 na betri ya Ah 4.0 itakutumikia vizuri, na drili ya ukoo huo itafuata baadaye kwa bei ndogo.

Ikiwa uko mbali na mji mkubwa, uzito uuweke kwenye dhamana na betri za karibu nawe kuliko jina la mashine. Anayeishi Uingereza au Marekani na kufanyia kazi nyumba ya hukohuko hana sababu ya kuikwepa iliyokarabatiwa kiwandani. Akiipeleka nyumbani, aiache chaja ya volti 120 alikoinunua.

Ikiwa unajua mashine, una muda wa kuzunguka Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, na una fundi unayemwamini, mtumba unaweza kukupa chombo cha daraja la juu kuliko fedha zako. Kwa asiye na hayo matatu, mtumba haufai.

Na ikiwa utakatia mahali pamoja, karibu na soketi yenye umeme wa kutegemewa, mbao nyingi kwa wakati mmoja, ziache betri zote. Msumeno mpya wa waya wenye diski ya milimita 185 au 190, wa chapa yoyote kati ya zilizotajwa, utakata mbao zaidi kwa fedha pungufu, na waya wa kurefushia unene wa milimita mraba 2.5 utakufikisha uani.